TUJENGE PANGO LETU: SOMO LA KUUNDA NA KUPAKA RANGI

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

 

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Wengi wenu mlifika ukumbini Siku ya Wazazi mwaka jana mkaliona lile pango letu mezani, lenye kuta za hudhurungi, kidimbwi cha maji ya kijani na uyoga unaong'aa samawati. Tangu siku hiyo tumeulizwa maswali mawili bila kukoma. La kwanza: mlilinunua wapi? La pili: pango na Chama cha Kiswahili wapi na wapi? Makala haya yanajibu yote mawili. Hatukulinunua popote. Tuliliunda kwa takataka, uji wa ngano na rangi ya ukuta iliyobaki mabweni yalipopakwa. Ama uhusiano wake na Kiswahili, hebu soma mpaka mwisho utauona mwenyewe.

Wacha kwanza niseme ukweli. Muhula wa kwanza mwaka ule chama chetu kilikuwa hoi. Midahalo ya Alhamisi ilikuwa ikihudhuriwa na watu kumi na mmoja, na kati yao wanne ndio walikuwa wakizungumza. Wengine walikaa tu kama maji mtungini. Tuliambiwa wazi kwamba hali ikiendelea hivyo, saa yetu ya Alhamisi itapewa chama kingine. Ndipo mwalimu mlezi akatuambia, "Tafuteni jambo ambalo mtu hawezi kulifanya akiwa amenyamaza." Tukatafuta, tukapata mchezo wa mezani.

1. MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Michezo ya kukaa mezani si migeni kwetu. Tunayo bao, tunayo ajua. Lakini mchezo huu una jambo moja zaidi: ni hadithi inayochezwa. Kila mchezaji ana mhusika wake, anayewakilishwa na sanamu ndogo. Mtu mmoja ni msimulizi. Msimulizi anaeleza mahali wahusika walipo, nao wachezaji wanasema wanafanya nini. Jambo likiwa la mashaka, kwa mfano kuruka shimo, dadu inarushwa ili iamue.

Michezo ya namna hii ina historia ndefu. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prusia aitwaye von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa mezani, ambao maafisa wa jeshi waliutumia kujifunzia. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, chenye kanuni za kucheza na askari wa kuchezea sakafuni. Kisha mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Huu ndio uliowaingiza wachezaji mapangoni na katika mashimo ya chini ya ardhi kupambana na majoka. Toka hapo watu wa nchi nyingi wamekuwa wakiunda mapango madogo ya kuchezea mezani.

Sisi hatukuyahitaji majoka ya kigeni. Hadithi zetu zina zimwi, zina majini, na Waswahili wanamjua Nunda mla watu. Tukawatia hao pangoni. Sheria yetu ilikuwa moja tu: mezani ni Kiswahili mwanzo mwisho. Anayesema "naenda pale" hapewi kitu. Anayesema "nanyata ukutani nikiukinga mwenge kwa kiganja" anaongezewa alama 1 kwenye dadu yake.

Kidokezo cha hesabu kwa wale wa Kidato cha Pili: ukirusha dadu mbili za pande 6, matokeo yanayowezekana ni 36. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, lakini jumla ya 12 hupatikana kwa njia 1 tu. Kwa hivyo msimulizi anayetaka jambo liwe gumu kidogo aseme, "Unahitaji 8 au zaidi." Anayetaka liwe gumu kweli kweli aseme 11.

2. JIFUNZE PANGO KABLA YA KULIUNDA

Kosa la wanaoanza ni kuunda shimo lolote jeusi wakaliita pango. Mapango si namna moja, na umbo lake hutokana na lilivyozaliwa. Hapa kwetu Kenya tunayo mifano mizuri.

(a) Mapango ya mawe ya chokaa na matumbawe. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni hewani na udongoni, yakawa na ukali kidogo, yakayayeyusha mawe ya chokaa polepole. Maji hayo yakidondoka ndani ya pango huacha chembe za chokaa. Chembe juu ya chembe, mwisho hutokea nguzo zinazoning'inia darini, yaani stalaktiti, na nyingine zinazoinuka kutoka chini, yaani stalagmiti. Kwa kawaida hukua hata milimita moja kwa mwaka hazifikishi. Mapango ya Shimoni, pwani ya kusini, ni ya mawe ya matumbawe, na jina la mji wenyewe latokana na neno shimo.

(b) Mapango ya lava. Lava ikitiririka kutoka volkanoni, ngozi yake ya juu hupoa ikawa ngumu huku ile ya ndani ikiendelea kwenda kama maji ndani ya bomba. Lava ya ndani ikiisha kupita, bomba hubaki tupu. Katika milima ya Chyulu kuna pango la namna hii liitwalo Leviathan, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11.

(c) Mapango ya Mlima Elgon. Mashuhuri zaidi ni Kitum, linaloingia mlimani kiasi cha mita 200. Hapo tembo huingia usiku, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza totoro, wakachimba ukuta kwa pembe zao ili wale mawe yenye chumvi. Kizazi baada ya kizazi wamechimba hivyo, nalo pango likazidi kupanuka.

Basi ukichagua pango la chokaa, weka nguzo na vidimbwi. Ukichagua la lava, kuta ziwe laini na za mviringo kama koo. Ukichagua la aina ya Kitum, mlango uwe mpana, dari iwe bapa na kuta ziwe na makovu ya kuchimbwa. Sisi tulichagua Kitum, kisha tukachanganya na mambo ya ndoto. Katika pango la ndoto kila kitu ni ruhusa, lakini ndoto huaminika inaposimama juu ya ukweli.

3. VIPIMO

Hapa ndipo somo la hesabu linapoingia tena. Sanamu za michezo hii mara nyingi huwa na kimo cha milimita 28 hivi. Tukichukua mtu wa mita 1.68, hiyo ni milimita 1,680. Gawanya kwa 28, unapata 60. Kwa hivyo kila kitu kiwe kidogo mara 60.

Tembo wa mita 3 anakuwa wa sentimita 5. Mlango wa pango basi usipungue sentimita 6, la sivyo tembo wako atakwama. Sakafu huchorwa miraba ya sentimita 2.5, na kila mraba unasimamia mita 1.5. Kipande chetu cha kadibodi kilikuwa sentimita 60 kwa 90. Hiyo ni miraba 24 kwa 36, yaani miraba 864 kwa jumla.

Je, Kitum lote lingeenea mezani? Mita 200 ukigawa kwa 60 ni mita 3.3, zaidi ya meza mbili za darasani zikiunganishwa. Nalo Leviathan lingekuwa na zaidi ya mita 180, urefu unaopita uwanja wetu wa kandanda. Kwa hivyo chagua sehemu moja ya pango. Usiwe na tamaa.

4. VIFAA

Usiende dukani kwanza. Zunguka shuleni. Sisi tulikusanya:

- kadibodi ngumu ya sakafu na maboksi mepesi ya kuta;
- lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni;
- trei za mayai za karatasi kutoka jikoni;
- magazeti ya zamani;
- unga wa ngano na chumvi kwa gundi ya uji;
- gundi nyeupe ya seremala;
- mchanga uliochekechwa na vijiwe vidogo;
- vijiti vya kusafishia meno;
- rangi ya ukuta inayochanganywa na maji: nyeusi, nyeupe na hudhurungi;
- rangi za maji za darasa la sanaa: nyekundu, manjano na buluu;
- brashi mbili kuukuu na moja nzuri. Zile kuukuu ndizo utakazozitumia zaidi.

5. KUUNDA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: sakafu. Gundisha kadibodi mbili pamoja, mistari ya ndani ya moja ikate mistari ya nyingine kama msalaba. Zikiwekwa hivyo hazijikunji gundi ikikauka. Weka vitabu vizito juu yake usiku kucha.

Hatua ya pili: chora ramani. Pango zuri la kuchezea lina njia zaidi ya moja. Likiwa na njia moja tu, wachezaji hawana la kujadiliana, na mchezo bila majadiliano ni kimya kilekile cha Alhamisi. Weka chumba kikubwa, vichochoro viwili, na mahali pamoja pembamba pa kupita mtu mmoja mmoja. Usitie dari pote, maana mikono itaingiaje?

Hatua ya tatu: kuta. Kata povu kwa kisu chembamba, kisha ulivunjevunje ukingoni kwa vidole. Mkato wa kisu unaonekana kama ukuta wa nyumba, lakini povu lililovunjwa linaonekana kama mwamba. TAHADHARI: usilikate povu kwa kuliunguza moto. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu.

Hatua ya nne: ngozi ya mwamba. Rarua trei za mayai, ziloweke usiku mzima, kamua maji, kisha zikande na gundi mpaka ziwe kama matope mazito. Paka juu ya kuta tabaka nyembamba, kisha ulidonoedonoe kwa jiwe halisi. Jiwe litaacha sura yake, wala hakuna fundi anayeiga jiwe kama jiwe lenyewe. Tabaka moja likauke kabisa kabla ya kuweka la pili. Tabaka nene hukauka nje likabaki bichi ndani, likaota ukungu. Gundi ya uji nayo hupendwa sana na mende na panya. Tia chumvi kijiko kimoja kupunguza ukungu, na ukiweza changanya na gundi nyeupe.

Hatua ya tano: nguzo. Zungushia kijiti cha meno vipande vya karatasi iliyolowa gundi, vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine. Weka nguzo tatu au nne mahali pamoja, nyingine ndefu, nyingine fupi. Ukizipanga kwa nafasi sawa zitakuwa kama wanafunzi gwarideni.

Hatua ya sita: sakafu ya mchanga. Paka gundi nyeupe, nyunyiza mchanga na vijiwe karibu na kuta, maana ndiko vinakoangukia, kisha kung'uta. Katikati pabaki laini ili sanamu zisimame.

6. SIKU TULIYOHARIBU KAZI

Jamani, msidhani mambo yalikwenda sawa. Ilikuwa Alhamisi, na Siku ya Wazazi ilikuwa Jumamosi. Sisi, kwa haraka zetu, ngozi ya mwamba tulikuwa tumeiweka nusu ya pango tu. Nusu nyingine lilikuwa povu tupu. Mmoja wetu akaleta mkebe wa rangi nyeusi ya kupuliza, ile ya kupakia baiskeli. Akasema, "Kwa dakika tano tumemaliza." Kweli, kwa dakika tano tulimaliza! Povu lilianza kunywea kama sukari inapomwagiwa chai. Ukuta wa nyuma, uliotuchukua wiki mbili, ukatoboka mashimo na kulala chali.

Sababu ni hii: rangi nyingi za kupuliza zina vimiminika vinavyoyeyusha povu la namna hiyo. Thina na petroli pia huliyeyusha. Kama tungalilifunika povu kwanza kwa karatasi, gundi na rangi ya ukuta, lisingaliguswa. Tulikuwa tumeandika onyo hilo wenyewe kwenye daftari la chama. Haraka haraka haina baraka.

Hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti wetu aliketi akajishika kichwa. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya darasa, ya mwenzetu mmoja wa Kidato cha Kwanza ambaye tangu ajiunge na chama hatukuwa tumemsikia akisema zaidi ya "hapa" jina lake linapoitwa. Kwao ni upande wa Mlima Elgon, na Kiswahili alikuwa ameanza kukizungumza sana hapa shuleni. Alikuwa akiogopa kuchekwa. Akakaribia, akaingiza kidole katika mojawapo ya yale mashimo, akasema:

"Hapa ni kama pale ndovu hutoboa akitafuta chumvi."

Tukaangalia. Kumbe! Ukuta uliotobokatoboka ulifanana na mwamba uliochimbwa kuliko kitu chochote tulichokuwa tumekiunda kwa makusudi. Mwalimu mlezi akamwuliza, "Wewe umewahi kuingia?" Akasema ameingia mapango mengine ya mlima ule, madogo. Nyanya yake alimsimulia kwamba zamani watu wa kwao walikuwa wakikaa mapangoni na ng'ombe wao, mlango ukafungwa kwa magogo usiku. Kisha akaitazama ile rangi nyeusi iliyokuwa mkebeni, akatikisa kichwa.

"Lakini pango si jeusi. Giza ndio jeusi. Ukiingia na taa, pango iko na rangi."

Ngeli zilimponyoka, ndiyo. Lakini somo zima la rangi ninalowaandikia hapa chini limetoka katika maneno yake hayo.

Usiku ule mwalimu wa zamu alituruhusu tutumie muda wa prepu. Tulisimamisha ukuta kwa magazeti yaliyokunjwa na vipande vyembamba vya karatasi na gundi. Ijumaa asubuhi mpishi wetu mkuu alitupa nafasi karibu na meko, pango likauke kwa joto huku maharagwe yakichemka. Kufikia saa kumi lilikuwa kavu.

7. RANGI

Sasa shika brashi, twende.

Kwanza: giza. Paka pango lote rangi ya ukuta iliyochanganywa nyeusi na hudhurungi. Ijaze kila ufa. Hili ndilo giza, na yote yatakayofuata ni taa inayoingia.

Pili: mwamba. Usichanganye nyeusi na nyeupe peke yake, utapata kijivu cha saruji. Changanya buluu, hudhurungi na nyeupe. Utapata kijivu chenye uhai. Mahali pengine zidisha buluu, mahali pengine zidisha hudhurungi. Paka bila kuingia nyufani.

Tatu: brashi kavu. Hii ndiyo siri kubwa ya kazi nzima. Chovya brashi kuukuu katika rangi iliyo nyepesi zaidi ya ile ya kwanza, kisha uifute gazetini mpaka uone kama imekwisha. Sasa ipitishe juu ya mwamba kwa wepesi, kama unafuta vumbi. Rangi hushika vilele tu, nyufa zikabaki na giza lake. Rudia kwa rangi nyeupe zaidi, lakini kidogo zaidi. Pitisha brashi kutoka upande ambako nuru inatokea. Kwenye mlango, nuru ni ya jua. Ndani, nuru ni ya mwenge au ya uyoga.

Nne: madini. Hapa ndipo pango linapopata rangi zake. Chuma kikishika kutu hupaka mwamba wekundu, hudhurungi na rangi ya machungwa. Shaba huleta kijani na buluu. Manganisi huleta weusi. Chokaa safi ni nyeupe. Ongeza maji mengi katika rangi, uidondoshe juu ya ukuta, uiache iteremke yenyewe. Maji ya kweli huteremka vivyo hivyo.

Tano: nuru ya ndoto. Kuna uyoga wa kweli unaotoa nuru ya kijani hafifu gizani, kwa hivyo hii si ndoto tupu. Paka uyoga wenyewe rangi nyeupe kwanza. Ukikauka, weka samawati juu yake. Kisha paka samawati iliyo nyepesi kwenye ukuta ulio karibu nao, upande unaoutazama uyoga tu. Kumbukeni somo la fizikia: umbali kutoka kwenye taa ndogo ukiongezeka mara 2, nuru hupungua ikabaki robo. Basi karibu na uyoga rangi iwe kali, mbele kidogo ififie upesi, mbele zaidi isiwepo. Wanaoanza hupaka samawati pango zima, na pale ambapo kila kitu kinang'aa hakuna kinachong'aa.

Sita: rangi pinzani. Nyekundu, manjano na buluu ni rangi za msingi. Nyekundu na manjano huzaa machungwa, manjano na buluu huzaa kijani, buluu na nyekundu huzaa zambarau. Kila rangi ya msingi hupingana na ile inayozaliwa na mbili nyingine: buluu na machungwa, nyekundu na kijani, manjano na zambarau. Zikiwekwa kando kando hupaziana sauti. Sisi tuliweka mwenge wa machungwa mkabala wa uyoga wa samawati, basi. Pinzani moja yatosha. Ukiziweka zote zitagombana kama wapiga porojo kwenye matatu.

Saba: kidimbwi. Paka katikati kijani kiwivu, na ukingoni kijani chepesi, maana maji ya kina hufifisha nuru. Rangi ikikauka, mwaga gundi nyeupe tabaka nyembamba. Itaonekana kama maziwa, usiogope. Ikikauka inakuwa angavu na kumetameta. Rudia mara tatu au nne. Ukimwaga nyingi kwa mara moja itabaki na ukungu.

8. JUMAMOSI

Wazazi walifika, pango likawekwa katikati ya ukumbi. Mwenyekiti alisimulia mwanzo: wasafiri wanne wanamfuata Nunda mpaka mlango wa pango. Walipofika kwenye ukuta wa chumvi, akamkabidhi usimulizi yule mwenzetu. Tulikuwa tumekubaliana hivyo usiku wa Ijumaa, naye alikubali kwa sharti kwamba asisimame jukwaani, akae tu mezani.

Alieleza jinsi tembo anavyosikika kabla ya kuonekana. Alieleza mchanga unavyodondoka darini, na harufu ya popo. Mchezaji mmoja akauliza, "Nikizima mwenge, ataniona?" Akajibu, "Yeye hana haja ya kuona. Yeye anashika ukuta na mkono yake. Wewe ndiye hutaona." Ukumbi ulinyamaza. Dadu ikarushwa: 5 na 2. Walihitaji 8.

Alisimulia kwa robo saa nzima. Alikosea ngeli mara nyingi, nami kama katibu ningeweza kuzihesabu, lakini sikuzihesabu. Hakuna aliyecheka, maana kila mtu alitaka kujua kama tembo ameshasikia. Watu wakitaka kujua kitu kutoka kwako, hofu ya kusema inakosa mahali pa kukaa.

Mwaka huu Alhamisi bado ni yetu, na viti havitoshi. Mwenzetu huyo ndiye msimulizi mkuu sasa, na ngeli ya mkono hakosei tena.

MSAMIATI

Dadu: kijiwe chenye pande zenye alama, hurushwa kuamua jambo kwa bahati.
Kunywea: kusinyaa, kupungua ukubwa.
Kuchekecha: kupitisha kitu katika chekeche ili kutenga chembe ndogo na kubwa.
Matumbawe: mawe ya baharini yaliyotokana na viumbe vya bahari.
Mkonga: kiungo kirefu cha tembo, pua yake.
Mwenge: kienge cha moto cha kumulikia njia.
Pembe: meno marefu ya tembo yaliyochomoza nje.
Totoro: neno la kusisitiza giza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja aina tatu za mapango zilizotajwa, na ueleze kwa ufupi kila moja hutokeaje.
2. Pango lina urefu wa mita 45. Katika kipimo chetu litakuwa sentimita ngapi mezani?
3. Kwa nini povu lisipakwe rangi ya kupuliza kabla ya kufunikwa?
4. Sahihisha: "Yeye anashika ukuta na mkono yake." Kisha eleza kwa nini wasikilizaji walielewa hata kabla ya kusahihishwa.
5. Wewe ni msafiri umefika mlangoni mwa pango usiku. Andika aya moja ya maneno 100, bila kutumia neno "giza" wala neno "jeusi".

Jibu la swali la 2 ni sentimita 75. Ya swali la 5 tutayasoma kwa sauti Alhamisi. Karibuni, na kila mmoja aje na trei moja ya mayai. Tupu, tafadhali. Mwaka jana mtu alileta yenye mayai, na mpishi mkuu bado anauliza yalitoka wapi.

Kiswahili kitukuzwe!